Maneno ya Joshua

Kila siku saa nane mchana, kipande cha rimu ya gari kilichotumika kama kengele kilipogongwa, wanafunzi wa darasa la sita kule Mkonze walitoka mbio. Hawakukimbilia nyumbani. Walikimbilia chumba cha kompyuta, nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mlangoni walivua viatu, wakafuta nyayo kwa kitambaa chenye maji, ndipo wakaingia wakinyata kama watu waendao kumtazama mtoto mchanga. Vumbi la Dodoma halina adabu, alisema Mwalimu Ambokile, na kompyuta saba zilizokwisha kuchoka haziwezi kupigana nalo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa za mtumba. Zilifika zikiwa tupu kabisa, na shule haikuwa na fedha za kununua cha kuweka ndani. Mwalimu Ambokile, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Dodoma, akaziwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hauuzwi, anayeutaka huuchukua. Alama yake ni ndege mnene mweusi mwenye tumbo jeupe. Watoto walimwita Bata wa Mwalimu, na Mwalimu alichoka kuwasahihisha.

Mwaka huo wa 2006 ulikuwa wa ukame. Mabwawa ya kuzalisha umeme yalikauka, na umeme ukawa wa mgao: Mkonze waliupata saa nane hadi saa kumi, kisha giza. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na haraka, na Mwalimu alikuwa na kazi ya kuwatuliza.

"Sheria ni mbili tu," alikuwa akisema. "Ya kwanza ni viatu. Ya pili, usichomoe flashi kabla hujaiaga kompyuta. Ukiona mstari wa kunakili umefika mwisho, usiuamini. Ndani bado inaandika. Iage kwa kubofya amri ya kuondoa flashi, ngoja ikujibu, ndipo uchomoe."

Anitha Matonya alizijua sheria zote mbili kuliko mtu yeyote. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa mikono na wa mdomo pia, na Mwalimu alipokuwa hayupo ndiye aliyeachiwa ufunguo. Wenzake walimwita Injinia. Jina hilo alilipenda mno, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Siku moja Iddy, mwanafunzi mwenzake, alileta video ya harusi ya kaka yake. Akaibofya, kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno ya Kiingereza.

"Bata kagoma!" Iddy akalalamika.

"Hajagoma," Mwalimu akasema. "Hajaelewa. Video ni kama mgeni anayesema lugha yake mwenyewe. Kompyuta inahitaji mkalimani, na mkalimani huyo anaitwa kodeki. Wapo wakalimani waliokuja na Linux. Wengine wana wenyewe wanaodai haki zao, kwa hiyo hawakuja. Ni lazima sisi tuwafuate na kuwaweka mmoja mmoja. Nikipata diski yao, harusi utaiona."

Anitha alicheka. Habari za wakalimani hakuhitaji kuelezwa, maana ukalimani ndio ulikuwa kazi ya mama yake.

Mama yake, Zipora, alifanya kazi ya usafi katika zahanati moja. Lakini waganga wa serikali waliopangiwa pale walitoka Moshi, Songea na kwingineko, na wazee wengi waliokuja kutibiwa walisema Kigogo tu. Basi mganga alipokwama, aliitwa Zipora na ufagio wake. Wakati mmoja mzee aliletwa na wanawe, mguu umeoza kwa kidonda cha sukari. Mganga akasema usipokatwa juma hilo, mzee atakufa. Wanawe wakamvuta Zipora pembeni wakamsihi: mwambie ni dawa tu, mama, usimtie hofu. Zipora akakataa. Alirudi, akachuchumaa mbele ya mzee, akamweleza neno kwa neno, naye mzee akalia, kisha akakubali. Aliishi.

"Mkalimani hapunguzi wala haongezi," Zipora alimwambia binti yake jioni hiyo. "Nikipunguza mimi, atakayepungukiwa ni yeye."

Miezi minane baadaye mganga mwingine alimpa Zipora maneno yaliyomhusu yeye mwenyewe. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imechelewa. Alipelekwa Dar es Salaam, akarudishwa. Baba wa watoto alikuwa amekwenda machimboni Geita kabla Joshua, mdogo wake Anitha, hajazaliwa, na barua zake zilikuwa zimekoma. Bibi Tabu, mama yake Zipora, alifunga kanga zake kijijini, akaja Mkonze kumuuguza mwanawe. Bibi alijua Kiswahili cha salamu na cha sokoni, basi. Ndani ya nyumba ile mambo makubwa yalisemwa kwa Kigogo.

Zipora hakuogopa kufa kama alivyoogopa jambo moja, na alilisema wazi. Joshua alikuwa na miaka miwili.

"Wewe utanikumbuka," alimwambia Anitha. "Yeye hatakumbuka hata sauti. Atakuwa mtu mzima asiyejua mama yake aliongeaje."

Pale zahanati kulikuwa na nesi mwanafunzi, Evodia, msichana wa Bukoba aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa na kamera ndogo ya dijitali, ya dada yake. Zipora akamwomba amrekodi, naye akakubali. Alikuja Ijumaa, siku yake ya mwisho Dodoma. Kesho yake angepanda basi kurudi kwao, kwenye harusi ya huyo dada mwenye kamera, na kadi ya kamera ilitakiwa iwe tupu.

Joshua alipoiona kamera alitaka kuishika, akalia alipozuiwa. Anitha akambeba, akatoka naye uani. Ndani wakabaki watatu: Zipora aliyeketi kitandani, Bibi Tabu nyuma yake akimshika mabega asianguke, na Evodia. Anitha alisikia sauti ya mama yake kupitia ukutani, lakini maneno yenyewe yalimezwa na kilio cha Joshua.

Walipomaliza, Zipora alikuwa amelowa jasho.

"Nimesema na wewe kwa Kiswahili," alimwambia Anitha. "Na Joshua nimesema naye kwa Kigogo, maana atalelewa na Bibi, na hicho ndicho kitakachomwingia kwanza. Nendeni mkaiweke kwenye flashi. Lakini sikiliza, mwanangu. Kabla Evodia hajafuta kwenye kamera, hakikisha inacheza na sauti inatoka. Ikigoma, rudini hapa hapa. Nitasema tena. Leo nina pumzi bado."

"Mama, hiyo kazi ni ndogo kwangu," Anitha akajibu.

Walifika shuleni saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Mwalimu Ambokile alikuwa mjini kwenye semina. Anitha alifungua, akavua viatu. Evodia alikuwa amevaa viatu vya kazini vya kamba, akaona kuvivua kutawapotezea muda, akasimama mlangoni na kumpa kamera na waya wake.

Kompyuta ya mwalimu tu ndiyo iliyokuwa na spika, lakini ilibakiwa na tundu moja zima la kuchomeka flashi. Kwa hiyo Anitha alinakili kwa kutumia kompyuta ya tatu, yenye matundu mawili, kamera hapa na flashi pale. Mstari wa kunakili ulikwenda polepole mno. Saa ya ukutani haikwenda polepole. Mstari ulipofika mwisho zilibaki dakika nne umeme ukatike. Anitha aliichomoa flashi pale pale, bila kuaga, akakimbilia kwenye kompyuta ya mwalimu.

Faili lilikuwepo, na jina lake lilikuwepo. Akalibofya. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno yale yale yaliyomtokea Iddy. Akabofya tena, ikawa vile vile. Akabofya na mara ya tatu.

"Inacheza?" Evodia akauliza kutoka mlangoni.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu Anitha naye alisimama. Alijua la kusema. Alitakiwa kusema: haichezi, nesi, usifute, turudi kwa mama. Lakini angemwambiaje mtu wa mbali kwamba Injinia ameshindwa? Angemtazamaje mama yake, aliyelowa jasho kwa maneno machache tu, na kumwambia ajikaze arudie? Tena, akajiambia, tatizo analijua: ni mkalimani tu anayekosekana. Mwalimu akirudi atamweka, na video itacheza. Basi huo si uongo, bali ni ukweli uliotangulia kidogo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri.

"Inacheza, nesi," akasema.

"Na sauti?"

"Na sauti."

"Mungu ni mwema," Evodia akasema. Akapokea kamera yake, akabonyeza mara mbili, na kadi ikawa tupu kwa ajili ya harusi. Dakika moja baadaye umeme ulikatika.

Zipora alikuwa akingoja, macho mlangoni.

"Inacheza vizuri, mama," Anitha akasema kabla hajaulizwa.

"Na maneno ya Joshua? Umeyasikia?"

"Nimeyasikia yote."

Mama yake alimtazama kwa muda, kisha uso ukamlegea kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Jioni hiyo alikula uji nusu kikombe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku tatu. Bibi Tabu alifurahi sana kuona hivyo. Anitha alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa peke yake karibu na mahali pa kuoshea vyombo, akasugua sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumatatu alimpelekea Mwalimu flashi. Mwalimu alijaribu, akatikisa kichwa.

"Huyu mkalimani wake hatuna. Kumpakua kwenye mtandao wa mjini ni kazi ya siku mbili, tena ulipe. Nina rafiki chuoni Hombolo, anayo diski yenye wote. Atakuja mwisho wa mwezi. Ni video ya nini?"

Anitha aliona kwamba akisema ni ya mama, Mwalimu atauliza mengine, na jambo litafika nyumbani.

"Ya sherehe tu, mwalimu. Haina haraka."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, lakini Anitha aliiona ndefu, maana kila hatua ilidai hatua nyingine. Juma la pili mama aliacha kuketi. Juma la tatu sauti ilimwishia, akawa anaongea kwa macho na kwa vidole. Mara nyingi Anitha alimkaribia akitaka kusema. Mara zote mama yake alimkonyeza kwa furaha na kumwonyesha kabati, mahali ilipowekwa ile flashi ndani ya soksi safi ya mtoto, na Anitha akarudi nyuma. Angerudia nini sasa, hata angeambiwa? Pumzi ile ya Ijumaa ilikuwa imekwisha.

Zipora alifariki Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa gulioni. Alizikwa Ijumaa. Ardhi ilikuwa ngumu kwa ukame, wachimbaji wakapokezana sururu tangu alfajiri. Mzee mwenye mguu mmoja alikuja kutoka mbali kwa mkokoteni, akasimama na gongo lake kaburini mpaka mwisho. Joshua, mgongoni kwa Bibi, aliwapungia watu mkono, akidhani ni sikukuu.

Mwalimu Ambokile naye alikuwepo msibani. Matanga yalipokwisha, rafiki yake wa Hombolo alileta diski, na Anitha alikwenda chumba cha kompyuta na ile soksi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena."

"Mwalimu, ile video si ya sherehe. Ni ya mama."

Mwalimu aliwatoa watoto wote nje, hata Iddy aliyekuwa katikati ya mchezo, akaketi na kuweka diski. Aliandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta, herufi zikateremka mistari kwa mistari. Wakalimani wakaingia mmoja baada ya mwingine. Akabofya faili. Safari hii maneno yalikuwa mengine, na Mwalimu akakunja uso.

"Ajabu. Mkalimani sasa yupo, lakini faili halina mkia. Ngoja niiambie kompyuta ilisome kutoka mwanzo hadi litakapoishia."

Akaandika tena, akabonyeza. Na Zipora akatokea.

Alikuwa ameketi kitandani na kitenge chake cha kijani. Nyuma yake sura ya Bibi haikuonekana, ila mikono yake miwili tu iliyoshika mabega. Sauti ilitoka kwenye spika, nyembamba, lakini yake. Anitha akafunika mdomo kwa viganja.

"Anitha, mwanangu wa kwanza," mama alisema. "Sina hotuba. Sketi yako iko kwa fundi, nimeshamlipa, kaichukue. Bibi yako usimwachie ndoo za maji peke yake. Ukipevuka na mwili ukabadilika, usimwonee haya nesi, nenda kapimwe. Mimi niliona haya, na haya ndiyo iliyonichelewesha. Shule usiiache hata wakikuambia imetosha. Nilikuwa nakusikia ukicheka na wenzako mkitoka shule, kabla hujafika nyumbani. Kila siku nilikuwa nakusikia."

Aliendelea hivyo kwa dakika nne hivi. Kisha akameza mate, akageuza uso kuelekea mlangoni, kule kilio cha mtoto kilikotoka, akatabasamu. Akabadilisha lugha.

"Na wewe, Joshua," alisema kwa Kigogo.

Picha ikaganda. Mdomo ulikuwa wazi, jicho moja limefumba nusu.

"Endelea, mwalimu," Anitha akasema.

"Haina pa kuendelea."

"Mwalimu, ndiyo kwanza anaanza! Joshua bado!"

Mwalimu alijaribu njia tatu nyingine, na zote ziliishia kwenye mdomo ule ule ulio wazi. Kisha akageuka.

"Anitha. Siku ulipochomoa flashi, uliiaga kompyuta?"

Anitha alitikisa kichwa.

"Basi sehemu iliyobaki haikuandikwa. Tungejua siku ile ile kama ingefunguka. Kamera iko wapi?"

"Nesi alifuta."

"Alifuta bila kujua kama inacheza?"

Hapo Anitha akasema yote. Alisema la mlangoni, la mama na uji nusu kikombe, na la sherehe isiyo na haraka. Alilia kwa sauti, na Mwalimu hakumnyamazisha. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo hakuona haki ya kumwambia kwamba si kitu. Alitoka nje akampigia Evodia simu kupitia zahanati. Jibu likaja baada ya dakika chache: kadi ilishajaa picha za harusi.

"Ungeniambia Jumatatu ile ni ya mama yako anayeumwa," Mwalimu alisema, "ningekwenda Hombolo Jumanne kwa baiskeli. Tungeona imekatika, na mama yako bado alikuwa anaongea. Nakuambia hivi si kwa kukuadhibu. Nakuambia kwa sababu ni kweli, na umekaa na uongo siku nyingi mno." Akatazama kioo, pale mama alipoganda. "Mikono hii ni ya nani?"

"Ya Bibi."

"Basi yupo mtu aliyesikia."

Anitha alielewa, na akaogopa kuliko alivyoogopa kaburini. Ili kumwuliza Bibi, ilikuwa lazima kwanza amwambie Bibi.

Alimkuta anabangua karanga uani, Joshua akicheza na maganda. Anitha alipiga magoti, akaeleza kwa Kigogo, lugha ambayo ndani yake hakujua kupamba maneno. Bibi aliendelea kubangua. Karanga zilianguka kwenye ungo, moja, moja. Alipomaliza zilizo mkononi ndipo aliponyanyua macho.

"Alikula uji ule kwa ajili ya neno lako," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nikamshukuru Mungu kwa uji ule."

Machozi yalimshuka Bibi, naye hakuyafuta. Kisha akakung'uta kanga yake na kuinuka kwa kushika kiuno.

"Nipeleke kwa hiyo mashine," akasema. "Kabla na mimi sijasahau."

Wakaenda siku hiyo hiyo. Bibi Tabu alivua makubazi mlangoni, akafutwa nyayo na Iddy mwenyewe, akamsalimia mwalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," na mwalimu akaitikia vilivyo, maana miaka mitatu ya Dodoma ilikuwa imemfundisha angalau hilo. Kulikuwa na maikrofoni moja ndogo. Mwalimu akaichomeka kwenye kompyuta ya tatu, akaiweka mbele ya Bibi.

"Nitasema kwa Kigogo kama alivyosema," Bibi alimwambia Anitha. "Nikinyamaza, wewe utasema kwa Kiswahili, ili akikulia mjini akasahau lugha yetu, asikose. Mama yako alikufundisha mkalimani hufanyaje?"

"Hapunguzi wala haongezi."

"Haya."

Bibi alifumba macho, akatamka kipande kwa kipande, na Anitha akafuata.

"Na wewe, Joshua, ulizaliwa mwaka tulipokula mtama wa msaada, na bado ulitoka mnene. Watu walicheka... Nilikubeba mgongoni nikifagia zahanati. Wagonjwa wengi walikujua wewe kabla ya kunijua mimi... Usipigane na mtu kwa sababu huna mama. Lia, kisha ule..."

Bibi alivuta pumzi, akasema kipande cha mwisho. Kilikuwa kirefu kuliko vingine.

Anitha alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alitazama maikrofoni, akamtazama Bibi, akatazama mlango. Nje watoto walikuwa wakichungulia dirishani. Angeweza kuyaacha maneno yale. Mwalimu hakujua Kigogo cha kutosha, na Joshua alikuwa bado mdogo. Nani angejua?

"Mbona kimya?" Bibi akauliza taratibu. "Sema alichosema."

Anitha akasema, sauti ikikatika.

"Utausahau uso wangu, na si kosa lako. Ukitaka kunijua, muulize dada yako. Lolote atakalokuambia, liamini. Dada yako hajawahi kunidanganya."

Mwalimu Ambokile alizima maikrofoni. Alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

Bibi aliweka mkono juu ya kichwa cha Anitha. Ulikuwa mkono ule ule wa kwenye video.

"Hilo neno lilikuwa kweli alipolisema mchana ule," alisema. "Jioni ulilivunja. Mama yako hawezi kurudi akuone ukilitengeneza, na mimi sitakuambia kwamba amekusamehe, maana hakuniambia. Lakini huyu mtoto atakuuliza. Atakuuliza leo, atakuuliza akiwa na ndevu. Ulimpunguzia mama yako ukweli ukidhani unampa raha, na aliyepungukiwa ni Joshua. Usimpunguzie tena. Siku akiwa mkubwa, umwambie na hili la leo."

"Nitamwambia, Bibi."

Zilibaki dakika tisa umeme ukatike. Anitha alinakili sauti kwenye flashi. Mstari ulipofika mwisho hakuigusa. Aliiaga kompyuta, akangoja huku mikono ameiweka mapajani, mpaka ilipojibu. Akaichomoa, akaipeleka kwenye kompyuta ya mwalimu, yenye spika, akaifungua, na wote wakakaa wakasikiliza tangu neno la kwanza hadi la mwisho, pamoja na pale aliponyamaza, na pale sauti ilipokatika.

"Inacheza?" Bibi akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Inacheza, Bibi," Anitha akasema. "Lakini si sauti ya mama."

"Ndiyo," Bibi akasema. "Hivyo hivyo ndivyo utakavyomwambia."

Akachukua makubazi yake, wakatoka kwenda nyumbani kumpikia Joshua.